Kabla Hujalipia Vyuma vya Meno

Mwite mtoto wako mwenye miaka tisa au kumi, mkalishe karibu na dirisha penye mwanga, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mwambie alegeze midomo. Pitisha kidole cha shahada kati ya shavu na ufizi wa juu, ukianzia kwenye chonge ya utotoni, lile jino lenye ncha ambalo ni la tatu ukihesabu kutoka katikati. Panda nacho kuelekea juu taratibu huku ukibonyeza kidogo. Unatafuta kijivimbe kigumu, ukubwa wa punje ya haragwe, kilichojificha ndani ya ufizi juu ya jino hilo. Ukikipata, hamia upande wa pili. Hicho ni kichwa cha chonge ya ukubwani inayosubiri zamu yake ya kuota, zamu ambayo kwa kawaida hufika mtoto akiwa na miaka 11 au 12.

Usipokipata, au ukikipata upande mmoja tu, usimtishe mtoto. Mpeleke kwa daktari wa meno amwangalie na, akiona haja, ampige picha ya eksirei. Chonge ya juu husafiri mbali kuliko wenzake kabla ya kuota, na nyingine hupotea njia zikaelekea kaakaani. Ikipotea hivyo inaweza kukaa kimya ndani ya mfupa kwa miaka huku ikila mizizi ya meno ya mbele. Hakuna maumivu wala uvimbe. Familia hushtuka mtoto ana miaka 15 na jino la mbele linacheza.

Ikiwahiwa, dawa yake mara nyingi ni ndogo: kung'oa chonge ya utotoni ili ya ukubwani ipate njia. Mwaka 1988, madaktari wawili wa Sweden, Sune Ericson na Jüri Kurol, walichapisha matokeo ya kufanya hivyo. Kati ya chonge 46 zilizokuwa zikielekea kaakaani, 36 zilirudi kwenye mstari. Dunia nzima ya madaktari wa meno ikaifuata njia hiyo. Lakini kulikuwa na pengo: watoto wote waling'olewa, kwa hiyo hapakuwa na wa kulinganisha nao. Ilipofika mwaka 2015, Julia Naoumova na wenzake, hukohuko Sweden, walichapisha utafiti ambao chonge za kung'olewa ziliamuliwa kwa bahati nasibu na nyingine zikaachwa. Waliong'olewa, chonge ziliota asilimia 69. Walioachwa, ziliota asilimia 39.

Tazama hesabu hizo mbili vizuri. Ya kwanza peke yake ingekufanya uamini kwamba kung'oa kumeokoa karibu nne katika kila chonge tano. Ya pili inakuonyesha kwamba tiba ni ya kweli, ila kuna chonge ambazo zingerudi zenyewe bila kuguswa. Ndiyo maana siku hizi nikiambiwa kwamba tiba fulani ya kupanga meno ni nzuri, nauliza kwanza: ilishindanishwa na nini? Nakuomba nawe ulizoee swali hilo, kwa sababu vyuma vya meno ni fedha nyingi, ni miaka ya maisha ya mtoto, na mengi tunayoambiwa kwenye kiti cha daktari au kwenye matangazo ya simu yameshapimwa na watafiti, na majibu yapo.

Mwaka jana dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Mwanawe wa miaka minane, mpwa wangu, meno yake ya juu yametokeza mbele. Kliniki moja ilikuwa imemwambia waanze sasa hivi kwa kifaa cha kusukuma taya la chini, halafu akifika miaka 12 afungwe vyuma vya kawaida. Awamu mbili, malipo mawili. "Kaka," akaniambia, "wanasema tusipowahi, taya litakomaa vibaya na baadaye litahitaji kukatwa."

Nilimwambia achukue rula ya shule. Mtoto ang'ate meno ya nyuma kama anavyong'ata siku zote, kisha ncha ya rula iguse uso wa meno ya mbele ya chini, ikiwa imelala sawasawa. Asome mahali ukingo wa meno ya juu unapofikia. Akasoma milimita 8. Hicho si kidogo. Kawaida ni mbili au tatu hivi.

Swali la dada yangu ndilo lililojibiwa kwa utafiti bora kabisa katika fani hii. Uingereza, Profesa Kevin O'Brien na wenzake waliwachukua watoto 174 wa miaka minane hadi kumi, wote meno yao yametokeza angalau milimita 7, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walivaa kifaa kiitwacho Twin Block, vibao viwili vya plastiki, cha juu na cha chini, vyenye miteremko inayomlazimisha mtoto alete taya la chini mbele kila anapofunga mdomo. Nusu nyingine walisubiri. Baada ya miezi 15, waliovaa walikuwa wamependeza: meno yamerudi nyuma, mdomo unafumba. Utafiti ungeishia hapo, kila mzazi angeambiwa awahi.

Haukuishia hapo. Watoto wale walifuatiliwa, waliosubiri nao wakatibiwa walipofika umri wa kubalehe, na mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya mwisho. Mataya ya makundi mawili yalikuwa sawa. Sura zilikuwa sawa. Waliowahi walikuwa wamehudhuria kliniki mara nyingi zaidi, wamekaa kwenye tiba muda mrefu zaidi, wamegharimu zaidi, na kuumana kwa meno yao mwishoni kulikuwa hafifu kidogo kuliko kwa wale waliosubiri. Majaribio mawili ya Marekani, la North Carolina na la Florida, yaliyofanywa na watu wengine kwa vifaa vingine, yalifikia palepale: kilichopatikana mapema, waliochelewa walikikuta njiani.

Basi hoja ya taya kukomaa vibaya, kwa mtoto wa aina ya mpwa wangu, haina mguu wa kusimamia. Lakini nilimwambia dada yangu kuna mambo mawili ambayo utafiti huohuo unayaunga mkono, na hayo ndiyo ayapime. La kwanza ni ajali. Meno yaliyotokeza yako mstari wa mbele mtoto akianguka. Wachambuzi wa shirika la utafiti la Cochrane walipoyaunganisha majaribio hayo mwaka 2013 waliona kwamba kati ya watoto 10 watakaotibiwa mapema, mmoja ataepuka kuvunjika au kuumia jino la mbele. La pili ni kutaniwa. Katika utafiti wa Uingereza, watoto waliotibiwa mapema walijithamini zaidi mwishoni mwa ile miezi 15, ingawa ilipofika mwisho kabisa tofauti hiyo ilikuwa imefutika. Mzazi anayeona mtoto wake hataki tena kucheka mbele ya watu ana haki ya kusema: mwaka mmoja na nusu wa utoto wake una thamani kwangu. Hiyo ni sababu ya haki. Ila iwe hiyo, isiwe hofu ya kukatwa taya.

Dada yangu aliamua kusubiri. Alimnunulia mtoto kinga ya plastiki ya kuvaa akicheza mpira, akaenda kuzungumza na mwalimu wa darasa kuhusu wale waliokuwa wakimwita sungura. Na nilimfundisha kitu ambacho ningependa kila nyumba yenye watoto ikijue. Jino la ukubwani liking'oka lote kwa kuanguka, liokote kwa kushika kichwa chake cheupe, usishike mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake palepale, mtoto ang'ate kitambaa, mkimbilie kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, litumbukize kwenye maziwa baridi na ukimbie nalo. Kila dakika ina thamani. Jino likikauka, mzizi unakufa. Jino la utotoni usilirudishe, maana litaumiza lile linaloota chini yake.

Sasa kuna watoto ambao kwao kusubiri ni kosa, nao ni wale wa upande wa pili: taya la chini limetangulia, meno ya chini yanapita mbele ya ya juu. Wazee wetu husema atakua nayo, kidevu ni cha ukoo. Ni kweli ni cha ukoo. Hata hivyo, katika hospitali nane za Uingereza, Nicky Mandall na wenzake waliwagawa watoto 73 wa miaka saba hadi tisa. Kundi moja lilivalishwa kifaa cha usoni chenye mipira ya kuvuta taya la juu mbele, huvaliwa zaidi usiku. Kundi la pili likaachwa. Miaka sita baadaye, jopo la mabingwa liliwatazama vijana wale bila kujua nani alivalishwa nini. Kati ya walioachwa, asilimia 66 walionekana watahitaji upasuaji wa mataya. Kati ya waliovalishwa, asilimia 36. Ni nadra katika fani hii kuona tofauti kubwa namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka saba akiuma na meno ya chini yakapita mbele, usingoje Darasa la Saba. Nenda mwaka huu, na muulize daktari kama ana uzoefu na kifaa hicho au akupe rufaa kwa mwenye nao.

Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye magego ya juu upande mmoja yanauma ndani ya yale ya chini, hata kidevu kikavutwa pembeni kila akifunga mdomo. Hapo taya la juu hutanuliwa, na Sweden walishagundua kwamba waya uliogandishwa kwenye magego hufanikiwa kuliko kibao cha kuvaa na kuvua, kwa sababu rahisi sana: mtoto hawezi kuuvua. Theluthi moja ya waliopewa vibao walishindwa.

Naomba nitulie kidogo kwenye jambo lingine, maana barua nyingi ninazopata si za watoto wenye shida hizo. Ni za wasichana na wavulana ambao jino moja limepanda juu ya mwenzake kidogo na wameaminishwa kwamba wana ugonjwa. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti uliofanywa Kinondoni na Temeke kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau dosari moja ya mpangilio wa meno. Nairobi, mwaka 1996, kwa watoto 919 wa miaka 13 hadi 15, ilikuwa asilimia 72. Kitu ambacho wawili katika kila watu watatu wanacho hakiwezi kuitwa kilema. Ni maumbile ya binadamu. Na baadhi ya hizo zilizohesabiwa kuwa dosari ni nafasi kati ya meno, pamoja na mwanya, huo mwanya ambao sisi watu wa pwani tumeusifu kwa waimbaji na kwa mabibi harusi tangu zamani. Kitabu cha daktari kinaweza kuuandika kama tatizo. Wewe kama unaupenda, hakuna utafiti wowote unaosema utakudhuru. Usiufunge kwa sababu ya picha ya mtu wa mbali.

Kuna dosari nyingine ambazo sisi wenyewe huzitengeneza. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, bibi au jirani anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi na kutamka kwamba ni meno ya plastiki. Kisha ufizi unachanwa kwa kitu chenye ncha na kile kinachoitwa jino la plastiki kinatolewa. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge ya utotoni, na chini yake kuna chipukizi la chonge ya ukubwani ambalo huumizwa pamoja nalo. Watafiti wa Dar es Salaam walishaeleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 madhara waliyoyakuta kwa watoto waliofanyiwa hivyo: chonge zilizokosekana, zilizopinda, zisizo na umbo. Wengine hupata maambukizi mabaya hata kupoteza maisha. Uvimbe ule ni jino halisi linalojiandaa. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvichumvi ya hospitali na vidonge vya zinki. Mwenye mtoto mchanga nyumbani, au binti aliye mbioni kujifungua, tafadhali zungumza naye kabla jirani hajamfikia.

Tuje kwenye vyuma vyenyewe. Umeshaamua, kijana ana miaka 12 au 13, meno yamebanana kweli au yametokeza kweli. Utaonyeshwa aina. Kuna breketi zinazofungwa waya kwa vijimpira, na kuna zile zenye kilango kidogo kinachojifunga chenyewe, ghali zaidi, ambazo husifiwa kwamba zinamaliza kazi haraka na haziumi. Majaribio ya bahati nasibu yamefanywa tena na tena. Muda haukupungua, maumivu hayakupungua, idadi ya kwenda kliniki haikupungua. Kuna kifaa cha kung'ata kinachotetemeka dakika 20 kila siku, eti kinaharakisha meno. Jaribio la mwaka 2015 nchini Uingereza kwa vijana 81 lilikishindanisha na kifaa kilekile kilichoondolewa mtetemo, na meno yalitembea kwa mwendo uleule. Kuhusu kubana ulimi kwenye kaakaa ili sura ibadilike, jambo ambalo vijana wanalifuata sana kwenye simu, hakuna jaribio la namna hiyo lililowahi kuonyesha kwamba linapanga meno. Fedha utakayoiokoa hapa, iweke kwenye kitu nitakachokitaja mwishoni.

Plastiki angavu za kuvaa na kuvua zina mahali pake. Kwa mtu mzima mwenye meno yaliyobanana kidogo, zinafanya kazi nzuri, na usafi ni rahisi. Huwa hafifu kwenye kuzungusha jino la mviringo kama chonge na kwenye kulivuta jino litoke zaidi ufizini. Na zinadai saa 20 hadi 22 kwa siku. Kijana anayezivua shuleni kwa aibu na kuzisahau mfukoni hatapona. Zaidi ya yote, zisimamiwe na daktari aliyekuangalia kinywani kwa macho yake. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub iliwauzia watu plastiki hizo kwa njia ya posta, na mwezi Desemba 2023 ikafunga milango. Wateja waliokuwa katikati ya tiba wakabaki bila wa kumuuliza. Ndugu zetu walioko ughaibuni waliliona hilo kwa karibu. Na vyuma vya urembo, vinavyobandikwa saluni au kununuliwa mtandaoni ili mtu aonekane tu amevaa, usiviguse kabisa. Waya ukivutana na meno bila mtu anayejua unavuta wapi, unang'oa.

Tiba ya kawaida huchukua muda gani? Uchambuzi wa mwaka 2016 uliounganisha tafiti 22 ulipata wastani wa miezi 20 hivi. Mtu akikuahidi miezi sita kwa meno yaliyopishana vibaya, muulize ameyaona wapi. Mtu akikwambia miaka minne, mwombe akueleze sababu. Inawezekana akang'oa meno mawili au manne ili kupata nafasi, na hilo huwatisha wazazi wengi. Si kosa pale ambapo nafasi haipo kweli. Omba tu akuonyeshe kwenye picha na vipimo nafasi inayopungua ni milimita ngapi. Lakini akitaka kung'oa magego ya mwisho kwa sababu yatayasukuma meno ya mbele yabanane, mkatalie kwa adabu. Bristol, Uingereza, walijaribu jambo hilo kwa kuwagawa vijana makundi mawili. Walipowapima 77 kati yao baada ya miaka mitano na zaidi, kung'oa hakukuwa kumezuia meno ya mbele kubanana kwa kiasi chochote cha maana. Magego ya mwisho hung'olewa yakiuma, yakioza au yakiwa na usaha.

Kinywa chenye vyuma kinataka mswaki kila baada ya kula, ukilazwa pembe juu ya breketi na pembe chini yake, na dakika za kutosha. Mabaki yakikaa pembeni mwa breketi huchora alama nyeupe kama chaki, na vyuma vikitolewa utabaki na meno yaliyonyooka yenye madoa ya mraba. Muulize daktari akupake vanishi ya floraidi kila unapokwenda kukazwa waya. Katika jaribio moja la Sweden lililochapishwa mwaka 2007, waliopakwa walipata alama mpya asilimia 7.4, na waliopakwa vanishi isiyo na dawa asilimia 25.3. Ni mpako wa dakika chache. Muwa, mahindi ya kuchoma, kashata, barafu, kutafuna mifupa: hivyo vyote hubandua breketi, na kila breketi inayobanduka ni wiki zinazoongezeka. Kata tunda vipande. Pukuchua mahindi. Soda na ubuyu wa sukari viwe vya siku moja moja, siyo vya kila alasiri. Waya ukichoma shavu, bandika kipande cha nta ya meno, na siku mbili tatu za mwanzo baada ya kukazwa kula uji, wali laini, ndizi zilizopikwa.

Wenyeji wa Arusha na wa maeneo ya Bonde la Ufa, ambako maji yana floraidi nyingi na meno ya wengi ni ya kahawia, mwambieni daktari mapema mtoto alilelewa wapi. Tabaka la nje la meno hayo ni gumu kugandisha gundi, na daktari anayejua ataliandaa kwa namna tofauti. Nimeona wazazi wakilaumiwa kwamba mtoto anakula vibaya kumbe breketi zilibanduka kwa sababu hiyo.

Sasa lile la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Nilifungwa vyuma nikiwa na miaka 24, kwa mshahara wangu wa kwanza wa maana. Vilipotolewa nilijitazama kwenye kioo cha kliniki kwa muda mrefu. Nikakabidhiwa kibao cha plastiki ndani ya kijikasha cha bluu, nikaambiwa, "Vaa usiku." Hakuna aliyeniambia hadi lini, wala kwa nini. Nilivaa miezi minne. Nilipohama nyumba kijikasha kikaingia kwenye katoni la vitabu. Baada ya miaka miwili jino moja la chini lilikuwa limegeuza bega, na leo, nikipitisha ulimi, nalisikia pembe yake.

Siyo mimi peke yangu. Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Robert Little na wenzake waliwaita tena watu 65 waliokuwa wametibiwa na kuacha kuvaa vishikizo kwa miaka kumi. Walichapisha mwaka 1981: theluthi mbili, meno ya mbele ya chini yalikuwa yamejibana tena kiasi kisichoridhisha, na hawakupata dalili yoyote ya kuwatabiri mapema watakaorudi nyuma. Meno hutembea maisha yote, hata ya asiyewahi kufungwa vyuma. Kwa hiyo ritena, hicho kishikizo unachopewa mwishoni, ndiyo nusu ya pili ya tiba, na bei yake ijadiliwe siku ya kwanza kabisa pamoja na bei ya vyuma: ritena ngapi zimo kwenye malipo, ikipotea nyingine ni shilingi ngapi, nani ataikagua kila mwaka. Usidanganyike kwamba lazima iwe ya gharama. Bristol waliwagawa vijana 397 kati ya ritena ya plastiki nyembamba na ile ya zamani yenye waya, na ile nyembamba, iliyo rahisi zaidi, ikashikilia meno vizuri kidogo kuliko yenye waya. Utafiti mwingine ulionyesha kuivaa usiku tu kunatosha sawa na kuivaa kutwa. Ioshe kwa maji baridi na mswaki, maana maji ya moto huikunja. Usiifunge kwenye tishu mezani, itatupwa na sahani.

Kama nawe unayo ndani ya droo, itoe leo usiku uijaribu. Ikibana lakini ikaingia hadi mwisho, lala nayo, na kesho, na kila usiku. Ikigoma, usiilazimishe, mpigie daktari wako asubuhi umwombe akutengenezee nyingine kabla meno hayajasogea zaidi.